Miguu ya Privatus na Zabibu za Ng'ambo ya Busisi

Pale Kirumba, mtu akitaka kumsifu Privatus alianza na miguu yake. Ilikuwa mipana, yenye vidole vilivyoachana kama watu waliogombana, na nyayo ngumu ambazo hazikuogopa changarawe wala magamba ya sato. Kwa miguu hiyo alikanyaga ndizi ndani ya mtumbwi wa mti uliolala nyuma ya nyumba yake, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Rubisi iliyotoka humo iliwafanya wauza samaki, makarani wa reli na walimu wa shule wakae benchi moja siku ya Jumamosi na kuitana ndugu kwa moyo mweupe.

Kazi hiyo alijifunza kwa baba yake huko Kamachumu, Uhayani. Ndizi za pombe zikishaiva humenywa, humwagwa mtumbwini pamoja na nyasi kavu, na mwanaume huingia na kukanyaga mpaka ndizi zitoe maji. Maji hayo matamu huitwa mramba. Yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, kesho yake huamka yakiwa rubisi. Keshokutwa bado ni rubisi. Siku inayofuata ni aibu. Rubisi iliyolala sana humwagwa migombani, na anayempa mgeni pombe ya namna hiyo huongelewa na ukoo mzima hadi wajukuu.

Privatus alikuwa amefika umri ambao wenzake walikuwa na watoto wa darasa la saba, naye bado alikuwa akipika chai yake mwenyewe. Kisha siku moja alikanyaga ndoana pale Mwaloni. Muuguzi aliyeitoa alikuwa Bernadetta, mwanamke mrefu wa watu wa Bukoba, mwenye miaka thelathini na mitatu na sauti ya kuamuru wagonjwa.

"Tulia wewe," alimwambia. "Miguu yote hii, halafu unalia kama mtoto?"

"Silii. Macho ndiyo yanalia."

"Basi yaambie macho yanyamaze, nipake GV."

Alimpaka ile dawa ya zambarau, na tangu siku hiyo Privatus akawa na sababu nyingi za kupita hospitali. Walielewana. Kilichobaki kilikuwa baba yake Bernadetta, Mzee Mutayoba, aliyekuwa sakristani, mtunza vyombo vya misa, kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia Mabatini kwa binti yake. Alikuwa mzee mwembamba, msafi, anayesikiliza maneno ya mtu kama anayehesabu mishumaa.

Privatus alikwenda na rafiki yake Ngosha, Msukuma muuza dagaa, aliyejitolea kuwa msemaji wake. Wakaamkia, wakakaa. Mzee Mutayoba aliwasikiliza mpaka Ngosha akaishiwa pumzi.

"Nimesikia," alisema. "Wewe Privatus ndiye mkanyagaji?"

"Ndiyo, baba."

"Basi usiniletee kreti. Vijana wa siku hizi wanapanga foleni, wanapata bia, wanakuja nayo, wanajiona wamemaliza. Mimi sitaki jasho la kiwanda. Jumapili ya baada ya Pasaka ndugu zangu watakuwa hapa. Niletee pombe ya miguu yako mwenyewe. Nikiridhika nitakupa kibuyu changu, uvute kwa mrija wangu. Nisiporidhika tutazungumza habari za mvua, nawe utakwenda zako salama." Akaongeza, "Kuna mwalimu wa Shinyanga naye ameulizia."

Njiani Ngosha alicheka mpaka akashika nguzo. "Yaani mtihani wenyewe ndio huo? Umeambiwa samaki aogelee!"

Privatus hakucheka. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa vita. Meli zilizokuwa zikileta ndizi kutoka Bukoba zilikuwa na mizigo mingine, na mtumbwi nyuma ya nyumba ulikuwa umekauka hadi kuku walitagia humo.

Alijaribu. Kule Magu wakulima walimwonyesha pamba na mpunga, wakamwuliza ndizi za pombe ndizo nini. Sokoni Mwanza alipata ndizi za kuliwa, akazikanyaga, zikatoa maji mepesi yaliyofanana na machozi ya mtu asiye na huzuni. Pasaka ilikuwa inakaribia. Ndipo akapanda lori hadi Kigongo, akavuka kwa kivuko kuelekea Busisi. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo kuna familia za Kihaya zenye migomba.

Katikati ya maji aliona mtu wa makamo, mweusi tii, amevaa kanzu nyeupe ya kitawa iliyochafuka mafuta ya gari. Alikuwa amepakata chuma kirefu kilichofungwa kwa gunia, kama mama na mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, Bruda. Hicho ni nini, bomba la kisima?"

"Marahaba. Ni skrubu ya kukamulia zabibu. Imekatika. Nimezunguka gereji zote za Mwanza. Wanasema spea iko Italia."

"Na zabibu zenyewe ziko wapi?"

"Hizo hazikwenda Italia. Ziko mtini, zinapasuka, na nyuki wameshapata habari."

Privatus aliitazama ile skrubu kwa muda. "Kwani mnakamua kwa chuma? Miguu mmeipeleka wapi?"

Yule mtawa alikuwa Bruda Venant, Mkerewe, aliyetengeneza divai ya misa katika misheni ya Nyakalembe, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Alieleza kwamba aliwaomba vibarua wakanyage. Walikataa. Kitu cha kupelekwa altareni wakikanyage kwa miguu ileile inayopita zizini? Mmoja alimwuliza kama anataka apigwe na radi.

"Kwetu," alisema Privatus, "anayekanyaga ndiye anayeheshimiwa. Wengine wote wanangoja."

Kivuko kilipogusa ufuko, Privatus alikuwa ameeleza mtihani wake, Bruda amemwambia kwamba migomba ya ng'ambo haina ndizi mwaka huo, nao wameshapatana. Privatus angekanyaga zabibu za misheni, naye angepewa zake za kutosha kutengenezea anachotaka.

Nyakalembe ilikuwa mahali pa upepo. Zabibu zilipandwa kwenye mteremko kati ya mawe makubwa, yale mawe ya kwetu yanayokaa moja juu ya jingine kana kwamba aliyeyapanga aliitwa kabla hajamaliza. Chini ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya bati jipya. Privatus alikuwa hajaona mzabibu maishani mwake. Kwa miaka yote aliyosikia injili alikuwa akiufikiria kama mti mkubwa, mfano wa mwembe, mwenye kivuli. Aliposimama mbele ya vile vijiti vilivyojikunja, vimefungwa kwa waya kama wagonjwa wa kuvunjika mikono, alisikitika.

"Ndiyo huu?"

"Ndiyo huu."

"Mbona mnyonge?"

"Ngoja uonje."

Aina zilikuwa tatu, na vibarua walikuwa wamezipa majina. Nyeusi yenye ganda nene iliitwa Mgogo, kwa sababu vijiti vyake vya kupanda vililetwa kwa treni kutoka Dodoma, vimefungwa ndani ya magunia yaliyolowa maji. Ilivumilia jua, haikulalamika. Nyeupe, ndogo, yenye kudeka na kuugua kila mvua ikizidi, iliitwa Padri. Ya tatu ilijiotea yenyewe kando ya pampu, rangi yake kati ya nyekundu na kahawia, na hakuna aliyejua ilikotokea. Hiyo waliiita Hana Kadi, kama mtu asiye na kadi ya chama.

Privatus alizionja zote akiwa amesimama. Mgogo ilimkaza ulimi. Padri ilikuwa tamu mara moja, kisha ikapotea. Hana Kadi aliitafuna, akatulia, akachuma tena.

"Hii ina maneno," alisema.

Bruda akampeleka kwenye chumba cha mawe chini ya ghala, ambako kulikuwa na baridi hata adhuhuri. Mapipa yalilala mstari, na hewa ilinukia mbao na kitu kama mkate. Alimmiminia kidogo kwenye kikombe cha bati. Privatus akanywa, uso ukajikunja.

"Bruda, nisamehe. Hii imechacha."

"Haijachacha."

"Mimi ndiyo kazi yangu. Imekaa muda gani?"

"Miaka mitatu."

Privatus aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba amekalia kaburi. "Miaka mitatu! Na mnampa padri?"

Bruda Venant alicheka hadi mapipa yakaitikia. "Kunywa tena. Usiiharakishe. Wewe umezoea pombe inayokuja inapiga hodi. Hii ingoje mlangoni."

Alikunywa tena. Safari hii aliiacha mdomoni. Mwanzo ulikuwa uleule mkali, kisha nyuma yake kikaja kitu kingine, taratibu: harufu ya mawe yaliyonyeshewa mvua ya kwanza, moshi wa mbali, na utamu uliokwisha kuwa kumbukumbu tu. Akamkumbuka baba yake, aliyekufa kabla hajapata mjukuu. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Siielewi," alisema mwishowe. "Lakini siyo mbaya."

Kazi ilianza asubuhi. Kulikuwa na pipa kubwa lililokatwa katikati, limejazwa Mgogo hadi ukingoni. Vibarua walikuja kutazama, wakisimama mbali kidogo kwa ajili ya ile radi. Privatus alinawa miguu kwa sabuni mara mbili, akakunja suruali, akaulizia nyasi.

"Nyasi za nini?" aliuliza Bruda.

"Za kukanyagia. Bila nyasi tunda linateleza."

"Nyasi kwenye divai ya misa? Askofu ataniuliza ni divai au ni uji wa ng'ombe."

"Utaniona nikianguka."

"Hizi siyo ndizi, Privatus."

Aliingia. Alipiga hatua moja, na ya pili ikamkuta amekaa, zabibu hadi kifuani, kofia inaelea. Vibarua walisahau radi, wakapiga makofi. Mmoja alipaza sauti: "Mhaya kabatizwa upya!"

"Nyamazeni," alisema Privatus kutoka ndani ya pipa. "Nilikuwa napima kina."

Alisimama, akajaribu tena. Taratibu miguu ikajifunza. Ndizi hutaka kusukumwa kwa kisigino. Zabibu zilitaka unyayo wote, ulale, ugeuke, usiponde mbegu, maana mbegu ikipondwa huleta uchungu. Kufikia mchana alikuwa akiimba, na vibarua wawili walikuwa wamevua viatu na kuomba zamu.

Kwa fungu lake mwenyewe alichagua Hana Kadi, akaongeza Mgogo kidogo kwa ajili ya rangi. Hapo hakutaka ushauri. Ufukweni palikuwa na mtumbwi wa zamani uliostaafu uvuvi. Aliusugua kwa mchanga, akautia zabibu, akatia nyasi kavu alizozikata mwenyewe, akakanyaga kama baba yake alivyokanyaga. Akachuja, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya mzabibu kwa kuwa ya mgomba hayakuwapo. Bruda Venant alisimama kando, mikono nyuma, akiwa na uso wa mtu anayemwona jirani akimkata nywele mtoto wake.

"Hiyo itakuwa nini?"

"Rubisi."

"Rubisi ya zabibu."

"Mzee alisema pombe ya miguu yangu. Hakutaja tunda."

Ilipoamka, ilikuwa nyekundu, na povu lake la waridi lilichemka kama chungu cha maharage. Bruda alionja, akafumba jicho moja. Hakusifu, ila aliomba ajaziwe kikombe. Wakati wa kuagana alimpa chupa moja ya ile ya miaka mitatu. "Mpe mkwe wako. Mwambie ni ya ng'ambo hii hii, siyo ya ng'ambo ya bahari."

Privatus aliondoka na vibuyu vitatu vilivyozibwa kwa magunzi ya mahindi. Pale kivukoni, watu wakiwa wamepanga mstari na askari wa mgambo wakikagua mizigo, jua lilikolea, na gunzi moja likaruka. Paa! Mwaka ule wa vita, mlio kama huo haukumngoja mtu afikirie. Mstari mzima ulilala chini. Mama mmoja aliingia chini ya lori na kuku wake. Privatus peke yake ndiye aliyebaki wima, analowa povu jekundu kuanzia shingoni, na kwa kuona wekundu huo mgambo alipiga kelele: "Kapigwa! Kapigwa huyu!"

"Sijapigwa, ndugu. Ni rubisi."

Mgambo alisogea kwa tahadhari, akagusa kwa kidole, akaramba. Akaramba tena. "Hii lazima ikaguliwe vizuri," alisema, na kibuyu hicho hakikuvuka ziwa.

Vilibaki viwili. Kilichomsumbua zaidi Privatus ilikuwa miguu. Kuanzia vidole hadi juu ya vifundo ilikuwa zambarau iliyokolea. Alisugua kwa mchanga, akasugua kwa limau, kwa majivu, kwa jiwe. Rangi haikusikia. Angewezaje kuingia kwa wakwe, mbele ya ndugu wa Mabatini waliopiga mashati pasi, akiwa na ndala na miguu ya namna ile? Ngosha alimwazima viatu vyake vyeusi, vya pekee alivyokuwa navyo, na soksi.

"Na wewe msemaji utavaa nini?"

"Mimi ni Msukuma," alisema Ngosha. "Wahaya wakiniona na ndala hawatashangaa. Watashangaa nikivaa viatu."

Jumapili ya baada ya Pasaka sebule ya Mzee Mutayoba ilijaa. Wazee walikaa viti vya mbele, kina mama kwenye mkeka, na Bernadetta alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, mahali anaposikia kila kitu. Privatus alikaa mwisho kabisa, viatu vinambana, anatoka jasho. Ngosha alisimama na kuanza kusema. Alisema vizuri. Kosa lake ni kwamba hakujua pa kuishia.

"Na mbali ya vibuyu hivi, baba," alimalizia akiinua ile chupa juu, "tumekuletea na hii. Siyo pombe ya leo wala jana. Hii ina miaka mitatu!"

Shangazi mmoja alijifunika mdomo kwa kanga.

"Miaka mitatu," alirudia Mzee Mutayoba.

"Mitatu kamili, baba!" alisema Ngosha kwa furaha.

"Kwetu ya juzi tunamwagia migomba. Wewe umenitunzia ya miaka mitatu. Mlipokosa pa kuitupa, mkakumbuka Mabatini?"

Privatus alitaka kusema, lakini mwoaji hasemi. Ngosha alibaki ameinua chupa, hajui aishushe wapi. Mzee mmoja tayari alikuwa amegeukia dirisha. "Mvua mwaka huu," alianza, "naona inasuasua."

Pazia la jikoni likasogea.

"Baba," ilisema sauti ile ya kuamuru wagonjwa, "mimi nina thelathini na mitatu. Nami nimwagwe migombani?"

Kina mama kwenye mkeka waliangua kicheko, na mmoja akapiga kigelegele kabla hajazuiwa. Mzee Mutayoba alikaza uso, lakini masikio yake yalicheza. "Nani kakuita wewe? Rudi jikoni." Kisha akageukia vibuyu. "Haya. Hizi habari za chupa tuweke kando. Nipeni pombe."

Alijimiminia kwenye kibuyu chake mwenyewe, akatumbukiza mrija, akavuta. Akatazama ndani ya kibuyu.

"Hii nyekundu."

"Ndiyo, baba," alisema Ngosha, sasa kwa sauti ndogo.

"Nimekuwa sakristani miaka mingi. Harufu hii naijua. Hii ni divai ya misa. Mmepewa na mapadri, mkatia mtama ndani kunidanganya. Nilisema nini? Miguu yake. Nani kakanyaga?"

Hapo hakukuwa na njia nyingine. "Mimi, baba," alisema Privatus.

"Vua viatu."

Vilikataa kutoka, akasaidiwa. Soksi nazo zikavuliwa. Watu wote waliinama kutazama, na wote kwa pamoja wakarudi nyuma.

"Yesu na Maria," alisema shangazi. "Ana ugonjwa."

"Fangasi," alisema mzee wa dirishani. "Amepakwa GV hadi vifundoni. Huyu mtu kaingiza miguu hiyo kwenye pombe yetu!"

Bernadetta hakungoja kuitwa. Alitoka jikoni na pamba na chupa ya spiriti, akapiga magoti mbele ya Privatus kama alivyofanya siku ya ndoana, akaushika mguu. Alisugua. Akatazama kati ya vidole, kwenye kona za kucha, chini ya kisigino. Akanusa pamba. Privatus alitazama ukuta, akiomba sakafu impokee.

"Hii siyo GV," alisema. "GV hukaa juu ya ngozi, na mimi ndiye ninayeipaka kila siku. Hii imeingia kwenye nyufa zote. Mtu hapati rangi hii kwa kupakwa. Ameikanyaga." Akampa baba yake ile pamba. "Nusa mwenyewe."

Mzee Mutayoba alinusa. Kisha akafanya jambo ambalo ndugu zake hawakulitegemea: alishuka kitini, akachuchumaa, akautazama ule mguu mpana kwa karibu sana, na kwa kidole kimoja akakwangua ukucha wa dole gumba. Ikatoka chembe ya unyasi mkavu, zambarau.

"Umetia nyasi," alisema.

"Nimetia, baba. Bruda alikataa. Kwenye fungu langu nimetia."

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Kamachumu."

Mzee alirudi kitini, akajinyoosha shati. Alivuta mrija mara ya pili, kwa muda mrefu kuliko mwanzo, akiwa amefumba macho. Mzee wa dirishani aliacha kutazama mvua.

"Hii siyo rubisi," alisema Mzee Mutayoba. Akapangusa midomo. "Miguu ndiyo ya rubisi. Meli ikileta ndizi utanikanyagia nyingine, unisikie? Siku hiyo na ile chupa tutaifungua, tuone huyo aliyelala miaka mitatu ataamka na neno gani."

Kisha akanyoosha mkono na kibuyu chake, mrija ukiwa ndani.

Privatus alivuka sebule peku kukipokea. Alikunywa akiwa amepiga magoti, na vigelegele vilianza kabla hajameza. Bernadetta alikuwa bado na chupa ya spiriti mkononi, akimtazama baba yake kama anayempima homa.

Viatu vya Ngosha vilibaki chini ya kiti, na hakuna aliyevikumbuka hadi Jumatatu, mwenyewe alipofika Kirumba kuviulizia na kumkuta mwoaji amekaa juu ya mtumbwi wake mkavu, miguu juani, anaitazama.